Lebo ya chupa ya asali: kumshawishi mnunuzi asiyeonja

Asali dukani haionjwi. Mnunuzi anaishika chupa, anaigeuza juu chini aone inavyoteremka, anajiuliza kama imechanganywa na maji ya sukari, na muuza duka hana cha kumwambia zaidi ya kilichoandikwa pale. Kwa hiyo lebo ya asali ina kazi kubwa kuliko lebo ya chumvi: kwanza iondoe shaka, kupendeza kuje baadaye.

Anza na chupa. Chupa ya pombe kali iliyooshwa, hata iwe safi namna gani, inamfanya mteja ataje bei ya barabarani. Tafuta ya kioo, mdomo mpana, ubavu ulionyooka. Ubavu ukipungua kuelekea chini, lebo ya mstatili itafanya mikunjo ukingoni, na hakuna kitu kinachoonyesha kazi ya haraka haraka kama mikunjo. Asali ni nzito kuliko maji kwa karibu mara 1.4, hivyo nusu kilo inakaa kwenye mililita 360 hivi. Uza kwa gramu na uandike gramu. Ukiandika "500 ml" kwenye gramu 500, umempunja mteja mililita 140 bila kukusudia.

Zungushia chupa ukanda wa karatasi upate kipimo. Kipenyo cha sentimita 7 kina mzunguko wa 22, lakini anayesimama mbele anasoma vizuri theluthi tu, yaani sentimita 7 hivi. Jina, aina ya asali na uzito vyote viishie humo. Lebo ya sentimita 19 kwa 6 inaacha sentimita 3 wazi nyuma. Usizibe pengo hilo; mnunuzi anataka kuinua chupa kwenye mwanga aone rangi yenyewe. Kwa kipimo hiki karatasi moja ya stika ya A4 inatoa lebo 4, rangi ya nyuma ikizidishwa milimita 3 kila upande ili mkasi ukiyumba usiache mstari mweupe.

Sasa maneno, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. "Asali asilia 100%" imeandikwa kwenye kila chupa, ikiwemo ya mchanganyaji, kwa hiyo haimthibitishii mtu chochote. Kinachoaminika ni kitu kinachoweza kuulizwa: asali ya miombo, Sikonge, Tabora, na mwezi iliporinwa. Taja pia ni ya nyuki wakubwa au nyuki wadogo (wale wasiouma). Ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu. Mteja asipoambiwa ataapa umetia maji, na bei yake ya juu itamkasirisha zaidi. Asali nyingi huganda ikikaa, na watu hudhani ni sukari imejitenga. Weka sentensi moja pembeni: "Ikiganda, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usichemshe." Orodha ya magonjwa kumi yanayotibiwa iondoe kabisa. Inaifanya chupa ifanane na dawa za stendi.

Picha ya nyuki na sega si kosa, ila kila jirani yako rafuni anayo. Kibaya zaidi ni ule mzinga wa nyasi wenye umbo la kuba unaopakuliwa mtandaoni. Huo ni wa Ulaya. Mfugaji wa kwetu anatundika mzinga wa gogo mtini, na mchoro mmoja rahisi wa gogo hilo utakutofautisha zaidi ya nyuki watano wanaotabasamu.

Asali ni nyeusi-nyeusi, hivyo herufi za kahawia kwenye stika ya plastiki inayoonyesha ndani zinapotea mara chupa ikijazwa. Tumia mandharinyuma ya rangi ya maziwa, maandishi meusi au kahawia iliyokolea, na rangi moja tu ya kunogesha. Dhahabu inayong'aa kwenye kompyuta hutoka printa ya kawaida kama haradali iliyochujuka. Herufi za jina zisipungue milimita 10. Kisha piga chupa picha kwa simu, uiondoe rangi: kisichosomeka hapo hakitasomeka kwenye duka lenye taa hafifu.

Chapisha kwa printa ya leza kwenye stika ya plastiki. Wino wa maji ukikutana na kidole chenye asali unachuruzika. Futa kioo kwa spiriti kabla ya kubandika, anzia katikati kwenda pembeni, na ubandike baada ya asali kupoa na nje ya chupa kukauka. Mapovu na kona zinazonyanyuka mara nyingi hutokana na unyevu au asali iliyodondoka. Malizia na sili ya plastiki kwenye kifuniko, maana mnunuzi atajaribu kukizungusha.

Barkodi ya Tanzania huanza na 620, ya Kenya 616. Iweke wima, milia ikae kama ngazi, kwa kuwa ikilazwa kwenye mviringo mashine haioni pande zote mbili. Milia isiwe myekundu: taa nyekundu ya mashine huiona kama nyeupe. Nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) nayo iachiwe nafasi tupu ya sentimita 1.5 hadi leseni itoke, usije ukachora lebo upya.