Gari ya otomatiki ukiikanyaga inazubaa? Soma mshale wa rpm kabla hujanunua spea

Asalaam aleikum wandugu. Mie ni fundi, niko Chake, na gari nnazoshika zaidi ni hizi za Kijapani za otomatiki, IST, Vitz, Noah, RAV4 na wenzake. Lalamiko nnalolisikia kila wiki ni hili: "fundi nikikanyaga mafuta gari haiitiki, inazubaa kwanza ndo inaondoka". Kwa mtu wa Mjini Unguja kule tambarare anaweza akakaa nalo miezi asijue, lakini sie Pemba ni vilima tu, ukianza kupanda na abiria wanne au na magunia ya karafuu nyuma linajulikana siku hiyo hiyo. Na spea nyingi tunaagiza Dar au Unguja, zinakuja na boti, kwa iyo ukinunua isiyo ndiyo pesa imekwenda, siku zimekwenda na gari bado mbovu. Kinachoniuma mie ni hicho, watu wananunua kwa kukisia.

Hatua ya 1: mshale wa rpm

Hii ndo kubwa kuliko zote zilobaki. Mshale wa rpm ni ule wa kwenye dashibodi unaoonyesha injini inazunguka kasi gani. Ipashe gari moto, tafuta njia iliyo wazi yenye kilima kidogo, mchukue mtu akae pembeni yako yeye ndo atizame mshale, weye tizama njia. Kanyaga mafuta taratibu kisha kanyaga zaidi, umwulize kaona nini.

Mshale ukiruka juu, injini inapiga kelele lakini gari haiendi sawa na zile kelele, giaboksi inateleza, ruka moja kwa moja mpaka hatua ya 7. Mshale ukiwa mzito kupanda, gari inajivuta au inatetemeka, hapo mara nyingi injini ndo haina nguvu, si giaboksi, usimruhusu mtu aiguse kwanza. Wengi wanaoambiwa giaboksi imekufa wamo kwenye kundi hili la pili.

Kuna na la tatu: umekanyaga ghafla mpaka chini, gari inatulia kidogo halaf mshale unapanda na gari inachomoka vizuri. Hiyo inashusha gia, ndo kazi yake, khasa hizi za gia 4. Si ugonjwa.

Hatua ya 2: taa na kompyuta

Taa ya injini ikiwaka, au ile ya O/D OFF (taa ya giaboksi) ikawa inapepesa kwenye gari za zamani kidogo, gari ina kodi (namba za makosa) imezihifadhi. Pima na kompyuta na UANDIKE zile namba kabla mtu hajazifuta. P0171 maana yake hewa imezidi petroli, P0300 mpaka P0304 ni misi (silinda haichomi sawasawa), P0420 ni masega (kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi), P0700 giaboksi inaomba itizamwe. Usichomoe betri ati ili taa izime, unafuta ushahidi, na juu ya hivo gari inasahau ilivojifunza inaweza ikazubaa siku kadhaa mpaka izoee tena.

Hatua ya 3: hewa

Anza na eaklina (kichujio cha hewa), itoe uitizame juani, vumbi la barabara za shamba linaziba haraka. Ikiwa imeziba badilisha, haina gharama kubwa.

Sasa nakuombeni mtizame na ule mpira mnene unaotoka kwenye boksi la eaklina kwenda kwenye throto (mlango wa hewa wa injini). Aliniletea mtu IST ishabadilishwa plagi zote, pampu ya mafuta, na alikuwa keshaambiwa anunue giaboksi nzima. Gari ikisimama inanguruma vizuri kabisa, ukikanyaga inakufa nguvu. Nikaushika ule mpira nikaukunja kwa mkono, chini kwenye mikunjo umepasuka urefu wa kidole. Gari ikiwa imetulia ule mpasuko unajifunga, ukikanyaga injini inainuka kwenye mauntini zake, mpasuko unafunguka, hewa inaingia bila kupita kwenye sensa inayopima hewa, kompyuta haijui, petroli inakuwa kidogo. Mpira wa mtumba ukamaliza kila kitu. Yule bwana alikuwa karibu kuuza mbuzi zake kwa ajili ya giaboksi. Tangu siku ile ndo kitu cha kwanza nnachokishika kwa mkono, kutizama kwa macho tu hakutoshi.

Sensa ya hewa isafishwe kwa spirei yake maalumu, si petroli, na ule waya mdogo ndani usiguswe hata kwa pamba. Throto ikiwa na masizi meusi isafishwe pia. Halaf sikiliza mipira midogo ya vakyumu, ukisikia ssss injini ikinguruma pana pahala panavuja.

Hatua ya 4: moto

Plagi zitoe zote uzipange kwa mpangilio wa silinda. Moja ikiwa nyeusi na imelowa na wenzake wamekauka, shida iko silinda hiyo. Koili usinunue kwa kukisia, ihamishe: kodi inasema P0301, chukua koili ya silinda ya 1 uitie ya 2 na ya 2 uitie ya 1, endesha, pima tena. Kodi ikihamia P0302 koili ndo mbovu. Ikibaki pale pale, ni plagi, nozeli (inayopuliza petroli) au kitu chengine.

Gari zinazolala pwani chunguzeni viungio vya waya na waya wa erthi, chumvi inaota ukijani mle ndani na sensa inatuma habari za uongo. Na wakati wa masika, ukishapita maji mengi, inua koili utizame kama maji hayajakaa kwenye visima vya plagi.

Hatua ya 5: petroli

Je umetia mafuta wapi mara ya mwisho? Petroli ya vidumu mara nyengine ina maji au uchafu. Kama gari imeanza kuzubaa siku ile ile ulotia, jibu unalo, itolewe.

Pampu ikichoka dalili yake ni gari kwenda vizuri polepole lakini mlimani inaishiwa. Pimeni presha kwa geji, Toyota nyingi ndogo zinataka kiasi cha psi 44 hadi 50, na ipimwe huku mtu anakanyaga mafuta, ikishuka ndo hiyo. Filta kwenye gari hizi iko ndani ya tangi pamoja na pampu, na mara nyingi iloziba ni filta tu, pampu yenyewe haina kosa.

Hatua ya 6: masega

Yakiziba injini haiwezi kutoa pumzi, gari inazidi kuwa nzito kadri unavoenda kasi na chini panachoma. Subiri ipoe, fungua sensa ya oksijeni ya mbele (ile kabla ya masega), washa uendeshe kidogo tu, itapiga kelele lakini kama nguvu zimerudi basi masega yameziba. Usiache hivo ukaendelea na safari, moto unatoka pale.

Hatua ya 7: giaboksi

Oili kwanza. Kwa Toyota zenye kijiti cha kupimia oili ya giaboksi: gari imepata moto, iko tambarare, injini inanguruma, pitisha gia zote kutoka P mpaka L urudi P, ndo utoe kijiti, isome kwenye HOT. Honda nyingi wao injini inazimwa kwanza, kwa iyo fuata kitabu cha gari. Nyekundu safi ni nzuri. Kahawia na inanuka kuungua, sahani za klachi zinalika, na kubadilisha oili hakuzirudishi.

Aina ya oili usifanye mzaha, T-IV na WS (oili mbili za giaboksi za Toyota) si kitu kimoja, na gari za CVT (giaboksi ya mkanda, haina gia za kawaida) zina oili yake mwenyewe, ukitia ATF (oili ya otomatiki) ya kawaida mkanda unateleza na unaliwa.

Halaf pima muda: injini imepata moto, umekanyaga breki, toa N utie D uhesabu mpaka uhisi gari imeshika. Toyota wanataka isifike sekunde 1.2, na N kwenda R isifike 1.5. Rudia mara tatu, dakika moja kati yake. Ikichelewa na oili ni sahihi na imefika kipimo, itizamwe filta ya ndani, solenoidi na valvu bodi (vinavyoongoza oili ndani ya giaboksi) kabla ya kuishusha giaboksi. Ukimpelekea fundi wa giaboksi, mpe na zile namba za kodi ulizoandika na umwambie mshale ulifanya nini kule kilimani, kazi yake inakuwa nusu.