Pickle inagoma kuhifadhi objekti yako? Andika __getstate__ na __setstate__ hivi

Kuna jamaa nimetoka kumsaidia, programu yake ya Python ilikuwa inakufa kila akitaka kuhifadhi foleni ya kazi, inamtupia `TypeError: cannot pickle '_thread.lock' object`. Naiweka hapa kwa yeyote atakayekwama palepale.

Hatua ya 1: jua kinachokwama

Pickle, ile moduli ya Python ya kuhifadhi objekti, inachukua atributi zote za objekti na kuzigeuza baiti. Namba, stringi, listi, hizo zinapita. Kufuli la thredi (lock, kinachozuia thredi mbili kugusa kitu kimoja kwa pamoja, ndiyo ile `_thread.lock` ya kwenye kosa), faili lililo wazi, soketi, koneksheni ya database, lambda, hazipiti.

Hatua ya 2: toa kisichopita

Ndani ya klasi yako andika `__getstate__`, pickle inaiita wakati wa kuhifadhi (`__dict__` ni kamusi ya atributi za objekti):

```python
def __getstate__(self):
    hali = self.__dict__.copy()
    del hali["kufuli"]
    return hali
```

Hiyo `.copy()` si pambo. Ukiiacha unafuta kufuli kwenye objekti yenyewe iliyo hai, kuhifadhi kunafanikiwa vizuri tu, halafu baadaye sehemu nyingine kabisa inaanguka na AttributeError, na wewe utaenda kuhangaika huko wakati kosa liko hapa.

Hatua ya 3: rudisha ulichotoa

Hapa ndo watu wanamaliza usiku. Pickle ikirudisha objekti HAIITI `__init__`. Inatengeneza objekti tupu halafu inamwaga zile atributi ndani, basi. Kwa hiyo kufuli ulilolitoa halirudi lenyewe, lazima ulitengeneze upya ndani ya `__setstate__`, ambayo pickle inaiita wakati wa kurudisha:

```python
def __setstate__(self, hali):
    self.__dict__.update(hali)
    self.kufuli = threading.Lock()
```

Kuna wanaoita `self.__init__()` humo ndani ili kufupisha kazi. Mi sipendi kabisa, maana ukiiita baada ya update inakufutia foleni yote uliyoihifadhi, na siku ukiongeza parameta kwenye `__init__` kila kitu kinavunjika.

Kama ulichotoa ni faili, hifadhi njia yake tu (path), na usilifungue ndani ya `__setstate__`, subiri hadi litakapohitajika, kwa sababu baiti zinaweza kufunguliwa kwenye mashine nyingine ambako hilo faili halipo na hapo hata objekti yenyewe huipati. Klasi yenye `__slots__` (orodha maalum ya majina ya atributi) peke yake haina `__dict__`, kwa hiyo kodi ya juu haitafanya kazi, itabidi utaje atributi moja moja. Na kama unarithi na unataka kuita `super().__getstate__()` wakati klasi mama haijaiandika, jua kwamba hiyo ipo tu kuanzia Python 3.11.

Halafu hii wengi hawaijui: `copy.copy()` nayo inapitia metodi hizihizi. Ukinakili foleni hivyo, nakala inapata kufuli lake jipya lakini listi ya kazi ni ileile moja, sasa thredi mbili zinaweza kuigusa kwa wakati mmoja kila moja ikiamini imefunga mlango. Kama unanakili, tumia `copy.deepcopy()`, hiyo inanakili hadi listi ya ndani.

Hatua ya 4: data za zamani

Pickle haihifadhi kodi ya klasi, inahifadhi jina la moduli na la klasi. Ukibadilisha jina, mafaili ya zamani hayafunguki. Ukiongeza atributi mpya, weka `hali.setdefault("kipaumbele", 0)` kabla ya update.

Hatua ya 5: jaribu

`mpya = pickle.loads(pickle.dumps(foleni))`, kisha ita metodi inayotumia kufuli. Usiishie kuangalia kama imefunguka, itumie.

Na data ikitoka kwa mtu usiyemjua achana na pickle, `loads` inaweza kuendesha kodi yoyote aliyoificha humo. Hiyo ni kazi ya JSON.