Kuunganisha majengo mawili kwa redio za GHz 5: lenga dishi kwa hesabu

Kabla hujapanda paa, piga hesabu ya ishara unayotarajia kupokea. Chukua dishi mbili za dBi 23 (kipimo cha jinsi dishi inavyokusanya ishara upande mmoja), masafa ya GHz 5.8, umbali kilomita 5. Njiani hupotea takribani dB 122 (dB ni kipimo cha kupanda au kushuka kwa ishara). Redio ikitoa dBm 13 (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara; ikiwa hasi, iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo kali), basi 13 + 23 − 122 + 23 = dBm −63. Iandike namba hiyo, maana ndiyo itakayokuambia lini uache kulenga.

Kuliona paa la upande wa pili hakutoshi. Mawimbi hutanuka yakiwa safarini, na kwa umbali huu, katikati ya njia yanataka uwazi wa karibu mita 5 kuzunguka mstari wote. Mwembe ulioingia humo utakutesa zaidi masika, majani yakilowa. Inua mlingoti.

Awepo mtu kila upande, ila asogeze mmoja tu kwa zamu. Legeza nati kiasi dishi isogee ikisukumwa, kisha izungushe polepole kulia na kushoto, ukisubiri namba ya ishara inayoonyeshwa na redio itulie kila hatua. Ishara itapanda, itashuka, itapanda tena. Vilele vidogo vya pembeni ndivyo vinavyowanasa mafundi wengi: ukikwama kwenye −78 na hesabu inasema −63, umeshika mwale wa pembeni, usikaze! Endelea kuzungusha hadi uvuke kilele kikubwa, halafu fanya hivyo hivyo juu na chini. Pungufu ya dB 2 au 3 inakubalika. Unapokaza, kaza nati kwa zamu huku macho yako kwenye namba, kwa kuwa kukaza kwenyewe huivuta dishi.

Chaneli ikague pande zote mbili. Kila redio husikia kelele, yaani mawimbi yasiyotakiwa, za mtaa wake. Anza na upana wa MHz 20. Ukienda 40 unaongeza nafasi, lakini na kelele zinapanda dB 3. Kwenye mipangilio, umbali usiwe chini ya ule halisi, la sivyo redio itadhani pakiti (vifurushi vya data) zimepotea na kuzirudia bure. Kuongeza nguvu hakutibu dishi iliyopinda, na kuna kikomo cha kisheria: Tanzania uliza mamlaka ya mawasiliano, TCRA, Kenya uliza ya kwao, CA.

Ishara ikiwa nzuri na kasi bado mbovu, tazama kebo. Iwe ya nje, isizidi mita 100, na kabla ya kuingia ukutani ipinde kuelekea chini ili maji yadondoke hapo. Mlango wa kebo ukisoma Mbps 10 badala ya 100 au 1000, mara nyingi kichwa cha kebo kimeshika kutu au waya mmoja haukubanwa vizuri: kikate, ubane kingine.