Kuunda Fremu ya Mabomba kwa Land Rover Kuukuu

Kabla ya kukata chuma chochote, pandisha gari juu ya stendi nne imara kwenye sakafu iliyo sawa, kisha upime umbali kati ya sehemu zinazoshika springi, injini na usukani wakati chasi ya zamani, yaani kiunzi cha chini ambacho fremu hii itachukua nafasi yake, ingali mahali pake, kwa kuwa vipimo hivyo ni vigumu kuvipata baada ya kuing'oa.

Katika karakana za jua kali mjini Nakuru, wengi huvutiwa na bomba la maji kwa sababu ya bei. Lisitumike kamwe: halikutengenezwa kubeba mzigo wa aina hii, na lile lililopakwa zinki hutoa moshi wenye madhara linapochomelewa. Nunua bomba la chuma lisilo na mshono, lenye unene wa angalau milimita 3.

Chonga ncha ya kila bomba kwa grenda, kisha kwa tupa, hadi ikumbatie bomba jingine bila mwanya. Hapa pasiharakishwe hata kidogo, kwani kiungo kilichozibwa pengo kwa chuma cha kuchomelea hupasuka upesi kwenye barabara ya mawe. Shikiza viungo vyote kwa madoa madogo ya kuchomelea kwanza, pima kimshazari kutoka kona hadi kona, pande zote mbili, na vipimo vikilingana, chomelea kwa kupokezanisha pande ili joto lisiipinde fremu.