Kubadilisha nyaya za taa za mbele

Taa za gari langu la 1994 zilififia. Nilipokunja waya nyuma ya balbu, plastiki yake ilipukutika kama ganda la karanga. Waya wa hivyo usiufunge tepu, ubadilishe.

Kwanza chomoa hasi ya betri. Piga picha soketi, maana balbu ya H4 ina miguu mitatu: fuli (mwanga mkali), dimu (mwanga wa chini) na ethi (waya unaofungwa kwenye bodi ya gari kurudisha umeme). Balbu ya wati 55 kwa volti 12 huvuta karibu ampea 4.6, mimi natumia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Ethi ndiyo watu huipuuza, nami naisisitiza: pale inapofungwa kwenye bodi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, ndipo ukaze bolti. Lehemu maungio, yavike mpira unaosinyaa kwa joto. Fyuzi ibaki ya ampea zile zile.