Kuingia LambdaMOO kwa mara ya kwanza
LambdaMOO ni jumba la mtandaoni ambamo watu hukutana na kuongea; limejengwa kwa maandishi tu, halina picha hata moja. Pavel Curtis alilianzisha mwaka 1990 akiwa Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox, Marekani. Nalipenda sana, ndiyo maana nataka uingie kwa adabu.

Fungua telnet, programu ya kuunganisha kompyuta yako na nyingine kwa maandishi, unganisha na anwani lambda.moo.mud.org, namba ya mlango (port) 8888, kisha andika connect guest. Utajikuta ndani ya kabati la makoti, gizani. Andika out, utatokea sebuleni.

Usianze kuongea. Mimi nilianza, nikawakatiza watu wawili waliokuwa katikati ya mazungumzo, na hadi leo naona aibu. Andika look kwanza, halafu help manners, usome yote. Ukitaka kusema, anza na alama ya kufungua usemi ("). Ukitaka kuonyesha kitendo, anza na nukta mbili (:). Anayekukera mnyamazishe kwa @gag, nawe hutamsikia tena.

Adabu hizo zina historia. Mwishoni mwa 1992 wachawi, yaani wasimamizi, walijitoa katika kuamua ugomvi wa wakazi. Mwaka uliofuata mkazi aliyejiita Mr. Bungle akawadhalilisha wenzake sebuleni humo humo. Wakazi walikutana, wakabishana, wasiafikiane. Mchawi mmoja akamfuta kwa uamuzi wake mwenyewe. Hapo ndipo Curtis alipoleta utaratibu wa wakazi kukusanya saini za kuunga mkono ombi, kisha kulipigia kura. Kwa hiyo ukiona wakazi wa zamani wanajadili kanuni kwa uchungu, kaa usikilize. Ukichoka, andika @quit utoke.