Chupa ya maji usiku wa kuvuka Larkya La

Wale mnaojipanga kuzunguka mlima Manaslu kwa miguu kule Nepal, usiku wa mwisho kambini Dharamsala mnalala mita 4,460 hivi na mnaamka saa tisa au kumi usiku kupanda Larkya La, njia ya kuvukia milima iliyo zaidi ya mita 5,100, baridi yake sio ya mchezo. Sasa jioni ile omba maji ya moto jikoni, jaza chupa ngumu, funga kabisaaa, itie ndani ya soksi uingie nayo kwenye begi la kulalia, miguu inapata joto na asubuhi una maji ya kunywa yasiyo barafu. Simu, betri na pawabenki pia lala nazo humohumo maana baridi inakula chaji vibaya. Ile mifuko ya maji yenye mpira wa kunyonyea achana nayo siku hiyo, mpira unaganda mapema tu halafu unabaki na maji mgongoni huwezi kunywa. Njiani chupa iweke kichwa chini, barafu inaanzia juu kwa hiyo mdomo hauzibi haraka. Na kama kichwa kinauma sana na unatapika usipande, shuka Samdo, kijiji cha chini mlikotoka.